Mchungaji Mtunzi wa Makumira

Kando ya barabara ya Moshi kwenda Arusha, karibu na Usa River chini ya Mlima Meru, kipo Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Kilifika hapo mwaka 1954 kikiwa chuo cha theolojia cha Kilutheri. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa akisomea uchungaji chuoni hapo, alitunga wimbo wa Pasaka uitwao “Mfurahini, Haleluya”.

Kufikia wakati huo, Walutheri wa Meru walikwishaimba kwa miongo mingi nyimbo za wamisionari Wajerumani wa Leipzig, waliofungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902. Ni nyimbo nzuri, na bado zinapendwa. Ila sauti zake zilitungiwa Kijerumani, ambacho mara nyingi hufunga mstari kwa silabi yenye mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana katika tafsiri nyingi jina kama Yesu huangukiwa na mkazo mwishoni, na mwimbaji hulitamka asivyolitamka nyumbani. Ni kama kuvaa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine.

Kyamanywa alianzia kwenye sauti ya asili ya Tanzania, akaipa maneno ya Kiswahili.

Beti zake zinasimulia: kaburi, malaika, wanawake, habari ya kupelekewa wanafunzi. Kila ubeti hufuatwa na kiitikio, hivyo hata asiyejua kusoma ana sehemu yake katika ibada. Huo ndio ustadi wa mchungaji mtunzi: kuibeba imani nzito kwa maneno mepesi, tena yakae mahali pake katika sauti. Mahubiri ya Jumapili husahaulika kabla ya Jumatano. Wimbo uliotungwa vizuri hukumbukwa shambani, jikoni na msibani.

Makumira ilikuwa na mlezi wa kazi hiyo, Howard Olson, mchungaji na mwanaisimu Mmarekani aliyefundisha hapo. Alikusanya nyimbo za namna hii katika kitabu “Tumshangilie Mungu”, kisha akazitafsiri baadhi kwa Kiingereza, ukiwemo wa Kyamanywa.

Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliuandikia wimbo huo maneno ya Kijerumani, na sasa ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani. Safari hii Kijerumani ndicho kilichopaswa kuifuata sauti ya Tanzania.