Vitenzi Vilivyofichwa

Mchezo wa kompyuta uitwao The Secret of Monkey Island, uliotolewa Marekani mwaka 1990, ulitolewa upya mwaka 2009 ukiwa na picha mpya na sauti za waigizaji. Mchezaji humwongoza Guybrush, kijana atamaniye kuwa haramia. Watengenezaji walifanya jambo la kiungwana: kwa kubonyeza kitufe kimoja, picha ya kale hurudi kiooni, mtu akalinganisha mwenyewe. Laiti wachapishaji wa vitabu vyetu vya zamani wangalikuwa na kitufe hicho!

Lakini sisi tufundishao lugha tuna neno. Katika toleo la kale vitenzi viliorodheshwa chini ya kioo: fungua, sukuma, chukua, sema na. Mchezaji aliteua kitenzi, kisha jina la kitu, akaunda sentensi yake. Ikiwa haifai, mara nyingi alijibiwa kwa mzaha. Hata mapigano ya upanga huamuliwa kwa matusi, na ashindaye ni yule ajuaye jibu lifaalo, mfano wa malumbano ya washairi. Kazi iliyojengwa hivyo juu ya maneno, toleo jipya likaificha orodha yake ya vitenzi, isionekane mpaka iitwe.

Mwaka 2022 Ron Gilbert, mtunzi wa asili, alitoa Return to Monkey Island. Humo orodha haimo kabisa. Badala yake, kila kitu kielekezewacho kishale huandikiwa yale anayowaza Guybrush kukitenda. Maneno hayo yanachekesha, twakiri, ila ni sentensi za mtunzi, si za mchezaji.