Leja ya Mofini Sumbawanga

Mfamasia wa hospitali anapopokea cheti cha mofini au pethidini, hukagua jina la mgonjwa, kipimo, tarehe na saini ya daktari. Hufungua kabati, hutoa dawa, kisha huandika leja: kilichotoka, aliyepokea, salio. Wodini, ampuli tupu hurudishwa zihesabiwe kabla ya nyingine kutolewa. Ikipungua moja, kuna wa kujieleza.

Utaratibu huu umetokana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya wa 1961, unaodai cheti cha tabibu na kumbukumbu zitunzwe walau miaka 2. Hapa nchini unabebwa na sheria ya dawa za kulevya ya 2015; Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inasimamia dawa zenyewe, Baraza la Famasi linawasimamia wafamasia. Upande wa wizi, naona umefungwa vizuri.

Lakini mkataba huohuo, katika utangulizi wake, unakiri kwamba dawa hizi ni za lazima kwa kutuliza maumivu. Sehemu hiyo haina leja. Ampuli iliyopotea itaonekana. Mgonjwa aliyekosa dawa haonekani popote.

Hapa Ufipa, mkoani Rukwa, pengo hili linajidhihirisha. Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufunguliwa maduka ya dawa muhimu, baada ya majaribio ya Ruvuma ya 2003. Maduka hayo yalisogeza antibayotiki karibu na wanakijiji, ila mofini na pethidini hazimo kwenye orodha yao. Sina ugomvi na hilo. Ila mwenye saratani kule Muze, bondeni, atapanda mteremko wa Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga mjini kutafuta daktari wa kumwandikia. Na kwa miaka mingi mofini ya kunywa, ambayo ni unga tu uliochanganywa na maji kwa vipimo, ilitengenezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Uganda mwaka 2004 iliruhusu wauguzi waliopewa mafunzo maalumu kuandika mofini ya kunywa. Kabati na leja vilibaki. Waliongezeka wenye ruhusa ya kutia saini.

Kwa Rukwa ningeanza na jambo dogo zaidi: safu moja ya ziada kwenye leja, ya vyeti vilivyoletwa visitimizwe, na sababu yake. Dawa imekwisha. Mfamasia hayupo. Cheti hakina saini. Mkaguzi akija kuhesabu ampuli, aisome na safu hiyo.