Kimeng'enya Kinachowinda Kitu Ambacho Mmea Hauna

Mmea hautengenezi kitini. Kitini kimo kwenye magamba ya kamba, kwenye ngozi ngumu ya wadudu na kwenye kuta za seli za kuvu. Kwa hiyo jani la maharage linapobeba kimeng'enya cha kuvunja kitini, yaani kitinesi, swali linakuja lenyewe: kimewekwa hapo kumvunja nani? Kundi la Thomas Boller la Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, lilifuatilia swali hilo kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980. Jibu lao linafahamika sana. Kinachonivutia mimi ni jinsi walivyolipima.

Kitini ni mnyororo mrefu wa molekuli za sukari. Kimeng'enya kinaweza kuumega kipande kimoja kimoja kutoka mwishoni, au kuukata katikati. Kipimo kilichokuwa kimependekezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilitafuta umegaji wa mwishoni. Kundi la Basel lilipokijaribu dhidi ya kipimo kinachoona vipande virefu vilivyokatwa katikati, lilikuta kwamba kile cha zamani kinaonyesha chini ya asilimia 5 ya kazi yote ya kuvunja kitini. Mtafiti mwaminifu ambaye angekitegemea peke yake angeandika kwamba jani lina uwezo duni, na tarakimu zake zingemuunga mkono. Utafiti mwingi wa vimeng'enya vya kinga huharibikia hapa, kabla hata mmea haujaambukizwa.

Makala yao ya 1983 inaeleza jinsi walivyoiamsha kinga hiyo. Walitumia ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, ambayo mmea huitoa pia unaposhambuliwa. Kwa saa 6 hakukuwa na badiliko. Kisha kitinesi kikaanza kupanda, na ndani ya saa 24 kilikuwa kimefika mara 30 ya kiwango cha awali. Walipoweka dawa inayozuia seli kutengeneza protini, ongezeko halikutokea. Maana yake ni kwamba kimeng'enya hakikuwa kimehifadhiwa mahali kikisubiri kuamshwa; kilikuwa kikitengenezwa upya. Walipima pia vimeng'enya vingine vya kuvunjavunja, na ni beta-1,3-glukanesi tu iliyopanda pamoja na kitinesi, tena kwa kiwango kidogo zaidi. Bila ulinganisho huo mtu angeweza kudai kwamba ethilini inaamsha kila kitu ovyo.

Kukisafisha kimeng'enya kulifanywa kwa werevu mkubwa. Dondoo la majani lilipitishwa kwenye safu iliyojazwa kitini, na kitinesi kikang'ang'ania chambo chake wakati protini nyingine zikipita zake. Uzito wa molekuli ulionekana kuwa 30,000 kwa elektroforesisi ya jeli na 22,000 kwa kuchujwa kupitia safu ya jeli. Waliandika zote mbili, na ninawaheshimu kwa hilo, kwa sababu kuchagua ile inayopendeza ni kishawishi kikubwa. Kimeng'enya kilichosafishwa kilishambulia kitini cha kuta za Fusarium solani, na kikayeyusha hata kuta za bakteria fulani.

Kuvunja kuta zilizokwisha kutolewa kwenye kuvu ni jambo moja, na kumzuia kuvu aliye hai ni jambo jingine. Kazi hiyo ya pili, iliyochapishwa 1988 na Mauch, Mauch-Mani na Boller, ilitumia maganda ya njegere yaliyoambukizwa. Dondoo la maganda hayo lilizuia kuvu 15 kati ya 18 zilizojaribiwa. Dondoo la maganda mazima halikuzuia chochote. Walipojaribu vimeng'enya vilivyosafishwa, kitinesi peke yake kilitosha kuzuia Trichoderma viride, na glukanesi peke yake ikazuia aina moja ya Fusarium solani. Kuvu nyingi zilizobaki zilisimama pale tu vimeng'enya vyote viwili vilipowekwa pamoja. Uharibifu ulitokea kwenye ncha za nyuzi, mahali kuvu inapokua na ukuta wake ungali mchanga: ncha zilipasuka.

Kwangu mimi uzito wa kazi hiyo uko kwa vimelea vitatu vilivyoendelea kukua hata mbele ya mchanganyiko huo: Phytophthora cactorum, Pythium aphanidermatum na Pythium ultimum. Vyote ni oomisete, viumbe vinavyofanana na kuvu kwa sura lakini kuta zao zimejengwa hasa kwa selulosi na glukani, kitini kikiwa kidogo mno au hakipo. Kama navyo vingekufa, tungelazimika kushuku kwamba dondoo lina sumu nyingine tu. Kusalimika kwao kunaunga mkono wazo kwamba shabaha ni ukuta wa kuvu.

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walihamishia jeni ya kitinesi cha maharage kwenye tumbaku, na miche ikastahimili zaidi udongo wenye kuvu ya Rhizoctonia solani, dalili za ugonjwa zikichelewa kujitokeza. Rhizoctonia ina kitini. Bakajani chelewa inayomaliza viazi Njombe na Kinangop husababishwa na Phytophthora infestans, oomisete wa jenasi ileile iliyosalimika Basel. Mtu anayetaka kuikinga mimea ya viazi dhidi yake kwa jeni ya kitinesi aanze kwa kuonyesha, kwenye sahani ya maabara, ni kitu gani katika ukuta wa kimelea hicho ambacho kimeng'enya chake kitakikata.