Kipande cha Giza

Katika mwalo mmoja wa Musoma, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, jua likishazama ziwani wavuvi wa dagaa huyapa maji kisogo. Wanatazama bara, mwezi utakakotokea, na wanaomba uchelewe.

Mvuvi wa dagaa anakula giza. Taa zake, jana karabai na leo nyingi za sola na betri, huwavuta dagaa zikiwa ndizo mwanga pekee juu ya maji. Mbalamwezi ikitanda hazifui dafu. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu zikashonwa, vichanja vikabaki vitupu. Mama wa Butiama akikuta dagaa wamepanda bei gulioni, hahitaji kuinua macho kujua mwezi umefika wapi.

Kisha giza hurudi kwa vipande. Kila usiku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Usiku wa nne baada ya mpevu zimeshatimia saa tatu, muda wa kuwasha taa, kungoja na kuvuta. Kabla ya mpevu mambo hugeuka: giza huja mwezi ukishatua. Nimemwona mzee mmoja akinyoosha mkono kuelekea magharibi, akipanga ngumi juu ya ngumi toka ukingo wa maji hadi mwezini. Ngumi nne. Akarudi kulala kidogo. Kila ngumi ni kama dakika 40.

Muda huohuo, toka jua kuzama hadi mwezi kuchomoza, ulipimwa Babeli. Wanafalaki wake waliuita kwa neno lenye maana ya usiku, wakauandika kwenye mabamba ya udongo kwa kizio cha dakika 4 zetu. Kumbukumbu zao za kila usiku zilizosalia zinaanzia 652 KK, na ziliendelea kwa karne kadhaa. Kutokana na subira hiyo walitambua kwamba baada ya miezi 223, yaani miaka 18 na siku 11 hivi, mwezi hurudia mwenendo wake, ila inabaki theluthi ya siku.

Theluthi hiyo ndiyo inayonivutia kuliko utabiri wao wa kupatwa kwa mwezi unaosifiwa sana. Ili kukadiria giza la jioni inayofuata mpevu, walifungua bamba la miaka 18 nyuma. Tuseme giza la jioni ile lilikuwa dakika 30, na toka jana yake mwezi ulikuwa umechelewa dakika 48. Kwa kuwa theluthi ya siku ni theluthi ya uchelewaji huo, chukua theluthi ya 48, ni 16. Toa kwenye 30. Giza la safari hii litakuwa dakika 14, hata mawingu yakifunika anga lote. Hawakuhitaji kujua mwezi unazunguka nini. Walihitaji mtu wa kuandika leo kwa ajili ya mtu wa miaka 18 ijayo.

Huko Bunda, kwenye Ghuba ya Speke, mwezi hutokea upande wa Serengeti. Kwanza ukingo wa anga hupauka, na mtumbwi wa mbali kabisa huvuta wavu wake wa mwisho. Taa zinazimwa moja moja.