Pongezi kwa Kedi wa Lugalo

Sijaona uwanja wa gofu Bariadi. Nimeona pamba, ng'ombe na vumbi la kiangazi. Basi rafiki yangu, Msukuma wa huko, aliposhuka chini ya mikwaju 100 kwa mara ya kwanza pale Lugalo, Dar es Salaam, makofi yote yalikuwa yake. Yangu nampa kedi, mbeba fimbo wake. Kubeba fimbo 14 juani kwa mashimo 18 ni kazi, lakini kazi yenyewe hasa ni ushauri, ambao sheria zinamruhusu kuutoa. Shimo la mwisho, rafiki akataka fimbo ndefu auvuke mchanga. Kedi, aliyekwisha kuona tangu asubuhi kwamba ndefu humpeleka kulia, akamchomolea fupi: "Bosi, weka mbele tu." Mikwaju 99. Asante, au kwa Kisukuma: wabeja sana, kedi.