Hongera, Wapiga Picha wa Amboseli

Wapiga picha wa wanyamapori wa Amboseli wanastahili pongezi. Huko vumbi jepesi huinuka kila gari linapopita, na chembe moja ikitua kwenye kihisi cha kamera, doa hujirudia katika kila picha. Nimewatazama wakibadili lenzi: dereva anazima injini, madirisha yanafungwa, kamera inazimwa na mdomo wake kuelekezwa chini, lenzi ya pili i tayari mkononi, kifuniko chake kimeshalegezwa. Sekunde chache, bila papara! Wala hawapulizi kwa mdomo, maana mate huchafua zaidi; hutumia kipulizio cha mpira. Ukiona picha ya tembo chini ya Kilimanjaro, anga halina doa, mpe mpiga picha hongera yake.