Kwa nini mrija wa puani hubaki wodini

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Mboko hadi Baraka, mzazi ambaye mtoto wake analishwa kwa mrija wa puani ana haki ya kuuliza: kama maziwa yanapita na mtoto anapata nguvu, kwa nini tusirudi nyumbani na mrija wake tuendelee wenyewe? Shamba la mihogo linangoja, watoto wengine wameachwa kwa majirani, na masika yakianza njia ya kwenda hospitali huwa shida tupu. Jibu langu ni kwamba kwa mtoto wa bwaki na kila mwenye utapiamlo mkali, mrija ubaki wodini. Si kwa sababu mama hawezi kuushika. Akifundishwa anaweza, tena kwa uangalifu mkubwa. Ni kwa sababu mrija huziba kipimo muhimu kuliko vyote vya kupona kwake, yaani hamu ya kula.

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hupunguza kazi zake ili usife. Moyo hulegea, figo hushindwa kutoa chumvi ya ziada, sukari ya damu hushuka upesi, na potasiamu huvuja kutoka kwenye seli. Ukiumiminia mwili huo chakula kingi kwa ghafla, potasiamu na fosfati ya damu huporomoka, maji huulemea moyo, na mtoto anaweza kufa akiwa ameshiba. Ndiyo maana siku za kwanza hupewa F-75, maziwa ya tiba yenye kilokalori 75 katika mililita 100, ambayo protini na sodiamu zake zimepunguzwa kwa makusudi. Mtoto wa kilo 6 asiye na uvimbe mkubwa hupata takriban mililita 100 kila baada ya saa 3, mara 8 usiku na mchana. Anayekunywa kwa kikombe bado anajilinda: akizidiwa hugeuza uso, hufunga mdomo, hulia. Kwenye mrija hana namna ya kukataa. Mkono ulioshika bomba la sindano ndio unaoamua, na huruma ya mzazi anayetaka mwanawe anenepe haraka inaweza kumdhuru.

Walioandika miongozo ya tiba hii waliielewa hatari hiyo, na unaiona katika mpangilio wao. Mrija huwekwa pale mtoto anaposhindwa kumaliza robo tatu ya kiasi alichopangiwa, au akiwa na vidonda vikali mdomoni, anapumua mbio kwa nimonia, au amepoteza fahamu. Hata hapo, aliye na fahamu na anayeweza kumeza hupewa kikombe kwanza katika kila mlo; kinachobaki tu ndicho hupitishwa puani. Maziwa huachwa yashuke yenyewe polepole, bila kusukumwa. Kwa kawaida mrija hautakiwi kuzidi siku 3. Kwa mpango huo, kila mlo unakuwa mtihani mdogo. Mtoto aliyemaliza nusu kikombe jana na leo akamaliza chote anamwambia muuguzi kwamba maambukizi yanashindwa na ini linaamka, jambo ambalo mizani haiwezi kulionyesha mapema hivyo, maana uvimbe ukiisha uzito hushuka kwanza.

Atakayesema kwamba hospitali ni mbali anasema kweli, na tiba yenyewe ilikwisha kulikubali hilo. Katika miaka ya 1990 André Briend alishiriki kutengeneza Plumpy'Nut, siagi ya karanga yenye maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini, kilokalori 500 katika pakiti ya gramu 92, isiyohitaji maji wala moto. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wenzao walitoa tamko la pamoja la kuunga mkono matibabu ya utapiamlo mkali ndani ya jamii. Leo mtoto ambaye mzingo wa mkono wake uko chini ya milimita 115, lakini hana ugonjwa mwingine mkali na anakula pakiti aliyopewa mbele ya muuguzi, hutibiwa nyumbani kupitia UNTA, kitengo cha tiba ya lishe kwa wasiolazwa, na kurudi kituoni kila wiki. Asiyeila hupelekwa UNTI, kitengo cha tiba ya lishe cha hospitali, kulazwa. Mpaka kati ya nyumba na wodi, basi, unapita kwenye hamu ya kula. Kumpeleka nyumbani mtoto asiye na hamu, kwa sababu tu ana mrija, ni kuuvuka mpaka huo macho yakiwa yamefumbwa.

Wengine watatolea mfano Uingereza, ambako watoto wengi huishi na mrija nyumbani. Lakini huko mlezi hupima asidi ya kilichovutwa tumboni kabla ya kila mlo kwa karatasi maalumu, na kipimo cha pH kikizidi 5.5 halishi. Njia ya kupuliza hewa na kusikiliza tumbo ilikatazwa kwa kuwa mrija ulioingia kwenye pafu unaweza kutoa sauti ileile. Tena wana maji salama, wakati mwambao wetu ni ukanda wa kipindupindu cha kudumu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mtoto asiyeweza kumeza kwa sababu ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa. Huyu siku 3 hazimtoshi. Kwanza ajaribiwe uji mzito kwa kijiko, akiwa amekalishwa wima na kichwa kimeegemezwa. Ikishindikana, nakubali aende nyumbani na mrija, lakini pamoja na karatasi za kupimia, mrija wa akiba, na kiasi cha kila mlo kilichoandikwa. Wauguzi, msimruhusu kabla mlezi hajalisha mara kadhaa mbele yenu bila kusaidiwa. Nawe mlezi, mtoto akikohoa, akihema au midomo ikibadilika rangi wakati wa kulishwa, simamisha papo hapo, usirudie kulisha, mpeleke kituoni hata kama ni usiku.